Mwili wako haujazoea dawa: vile bakteria hupeana jeni za usugu

Ukisimama kwa kemisti yoyote Nairobi, iwe Githurai, Kawangware ama huko River Road, hautakaa sana kabla hujasikia mtu akisema hiyo amoksilini usinipe, mwili wangu ulishaizoea, nipe kitu ya nguvu. Na anapewa. Hii imani imeshika sana na inaeleweka, juu mtu anaona dawa yenye ilimponya mwaka juzi leo haimsaidii, sasa afikirie nini? Lakini mwili haujazoea chochote. Amoksilini inapita tu kwa mwili, inafanya kazi yake, ikimaliza inatoka na mkojo, na mwili wako hauna ugomvi wowote nayo. Wenye wamebadilika ni bakteria wanaokufanya uugue, na kitu yenye watu wengi hawajawahi kuelezwa vizuri ni kwamba mara nyingi hao bakteria hawakubadilika kwa jasho lao, walipewa huo usugu, yaani uwezo wa kukataa dawa, na bakteria wengine, na wengine hao wanaweza kuwa hawajawahi hata kuingia kwa mwili wako kabla ya wiki jana.

Mmoja wa watu waliotumia maisha yao kuonyesha hii kitu ni Profesa Stuart Levy, daktari na mtaalamu wa mikrobaiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Tufts kule Boston, Marekani, mpaka akafariki mwaka wa 2019. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, miaka ya sitini, alienda Japani kufanya kazi kwa maabara ya Tsutomu Watanabe, na hapo ndo mambo yenyewe yanaanzia.

Baada ya vita vikuu vya pili Japani ilisumbuliwa sana na kuhara damu, ile inayoletwa na bakteria wanaitwa Shigella. Watu walitibiwa na dawa za salfa, zikasaidia miaka michache alafu zikaanza kugonga mwamba. Zikaingia streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Mwaka wa 1955 akapatikana mgonjwa mmoja, mama aliyekuwa ametoka Hong Kong, na Shigella yake ilikuwa inakataa zote nne kwa mpigo. Hapo wataalamu walikwama kabisa, juu kwa vile walikuwa wanajua usugu unakuja kwa bahati: bakteria akigawanyika ananakili jeni zake, yale maagizo ya mwili wake, mara moja moja anakosea mahali padogo, na hilo kosa likitokea pazuri linamsaidia kuepa dawa. Hiyo bahati ni adimu sana, tuseme bakteria mmoja kwa kila milioni 100. Kupata bahati mbili kwa bakteria mmoja unazidisha milioni 100 mara milioni 100, na ukiendelea hivo mpaka nne unapata namba yenye inapita hesabu ya bakteria wote wanaokadiriwa kuwa duniani. Kwa hivyo bahati peke yake haingeweza kueleza hiyo Shigella, na ilizidi kuonekana kwa wagonjwa wengine, tena wakati mwingine mgonjwa huyo huyo alikuwa na Shigella mlaini anayekufa na dawa na Shigella sugu anayekataa zote nne, wote wako tumboni mwake.

Jibu lilikuja 1959 kupitia vikundi vya watafiti wa Kijapani wakiwemo Akiba na Ochiai. Walichukua E. coli sugu, hii bakteria ya kawaida inayokaa matumbo yetu sisi wote, wakaichanganya na Shigella asiye na usugu, na baada ya muda mfupi yule Shigella akawa anakataa dawa zote nne. Hakuguswa na dawa hata kidogo. Alikaa tu na jirani. Watanabe ndiye aliyeandika haya yote kwa Kiingereza 1963 na dunia ikashtuka, ingawa kwa maoni yangu haikushtuka vya kutosha.

Sasa hicho kitu kilichopitishwa ni nini. Bakteria ana kromosomu yake kubwa yenye maagizo ya kuishi, lakini kando yake wengi wana kipete kidogo cha DNA (ile kemikali yenye jeni zimeandikwa ndani yake) kinachoitwa plasmidi, kinajinakili chenyewe bila kungoja kromosomu. Mtu yeyote aliyefanya mtihani shule za Kenya anajua mwakenya: karatasi ndogo yenye majibu, unanakili yako, unapitishia wa nyuma, na kufikia mwisho safu nzima iko na majibu na wewe haujapoteza kitu. Plasmidi inasambaa hivo. Bakteria mwenye nayo anarusha kamba nyembamba inaitwa pilasi, inamshika jirani, wanavutana wakakaribiana, alafu nakala ya plasmidi inavuka. Wote wawili wanabaki nayo, na huyo mpya naye anaanza kupeana. Na hawaangalii ukoo, E. coli anaweza kumpea Shigella, ama bakteria wa aina zingine kama Klebsiella na Salmonella, na hapo ndipo hii kitu inatofautiana kabisa na sisi binadamu ambao jeni zetu zinashuka tu kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Kwa bakteria zinaenda pia kando, kwa jirani.

Hii njia ya kukamatana iligunduliwa na Joshua Lederberg na Edward Tatum 1946, na Lederberg ndiye aliyeipa plasmidi hilo jina 1952. Kuna njia zingine mbili nitazipitia haraka. Ya kwanza ni bakteria kuokota DNA iliyoachwa na bakteria aliyekufa, na hiyo ilionekana mapema sana, 1928, wakati Frederick Griffith kule London alidunga panya bakteria hai wasio na madhara pamoja na wakali waliouawa na joto, panya wakakufa, na ndani yao akapata wale wakali wakiwa hai. Wasio na madhara walikuwa wameokota kitu kutoka kwa maiti, na 1944 Oswald Avery na wenzake New York wakaonyesha kitu hicho ni DNA. Ya pili ni virusi vinavyoshambulia bakteria, vinaitwa faji, kikitoka kwa bakteria mmoja kinaweza kubeba kipande cha jeni zake kimakosa na kukiingiza kwa mwingine. Juu ya hizo zote kuna jeni zenye zinaruka kutoka kwa kromosomu kuingia plasmidi na kutoka plasmidi moja kwenda nyingine, ndo maana plasmidi moja inaweza kukusanya usugu wa dawa tano ama sita ikitembea.

Na hizo jeni zinafanya nini zikishaingia? Zingine zinatengeneza kimeng'enya cha kukatakata dawa, hivo ndo penisilini na jamaa zake wanamalizwa. Zingine zinabadilisha ile sehemu ya bakteria yenye dawa ilikuwa inashika, kwa hivyo dawa inafika na haipati pa kushika. Na moja ilionyeshwa na maabara ya Levy mwenyewe 1980: walikuta bakteria sugu kwa tetrasaiklini hawaiharibu hiyo dawa hata kidogo, wana pampu kwa utando wa seli inayoitoa nje haraka kuliko inavyoingia. Dawa iko nzima kabisa, haina makosa, imefukuzwa tu. Siku hizi pampu za aina hiyo zimepatikana kwa bakteria wengi sana na zingine zinafukuza dawa za aina tofauti kwa wakati mmoja.

Kuna swali linakuja hapa, kama bakteria wanapeana tu, dawa zetu zina lawama gani? Jeni za usugu ni za kitambo sana, 2011 watafiti wa Kanada walizipata kwa udongo ulioganda miaka 30,000 iliyopita, wakati hakuna mtu alikuwa anajua kapsuli ni nini. Bakteria na kuvu wa udongoni wamekuwa wakipigana na sumu hizi tangu zamani, na antibiotiki zetu nyingi zilitoka huko huko. Dawa yenyewe haitengenezi jeni. Inachofanya ni kuua wale wasio nayo na kuwaachia wenye nayo chakula na nafasi yote, na E. coli akipata chakula kizuri anagawanyika kila dakika 20 hivi, kwa hivyo ukilala jioni na wachache sugu unaamka na tumbo lililojaa wao. Na sasa hao ndio wanaopeana.

Levy alitaka kuona hii ikitokea nje ya maabara, kwa boma ya watu. Miaka ya sabini yeye na wenzake walichukua vifaranga 300 wakawaweka kwa shamba dogo karibu na Boston, nusu wakapewa chakula cha kawaida na nusu wakapewa chakula chenye tetrasaiklini kidogo, ile dozi ndogo ya kuwakuza haraka yenye wafugaji wengi wa Marekani walikuwa wanatumia wakati huo. Ndani ya kama wiki moja karibu bakteria wote wa tumbo la hao kuku wa dawa walikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Hiyo haishangazi. Ya kushangaza ni kwamba baada ya kama miezi mitatu walikuwa sugu pia kwa dawa zingine, ampisilini, streptomaisini na salfa, ambazo hakuna kuku alikuwa amepewa. Plasmidi zilizokuwa zinasambaa zilikuwa zimebeba zote kwa pamoja, na ukimpea kuku tetrasaiklini unazichagua zote bila kujua.

Alafu wakapima choo cha familia iliyokuwa inakaa hapo. Ndani ya miezi mitano, sita hivi, watu wa hiyo boma walikuwa na bakteria sugu wengi tumboni kuliko majirani, na wao hawakuwa wametumia tetrasaiklini. Walikuwa wanaishi tu na kuku, wanawalisha, wanasafisha banda. Chakula cha dawa kilipoondolewa, baada ya miezi sita wengi wao walikuwa wamerudi karibu na kawaida. Matokeo yalichapishwa 1976, na wafugaji wakubwa na kampuni za dawa hawakuyapenda. Marekani ilichukua miaka mingine mingi sana, mpaka 2017, kukataza kabisa matumizi ya antibiotiki muhimu kwa binadamu kama dawa ya kukuzia mifugo. Zaidi ya miaka 40. Mimi hiyo inaniuma nikifikiria.

Sasa tuje nyumbani. Nairobi watu wanafuga kuku kwa ploti, nguruwe Dagoretti, mbuzi wanazurura kando ya barabara, na kwa agroveti unanunua oksitetrasaiklini ya unga vile unanunua chumvi. Mtu anaweza kudhani basi sisi ni shamba la Levy lililokuzwa likawa jiji. Lakini kuna utafiti mkubwa ulifanyika hapa hapa, mradi wa UrbanZoo wenye watafiti wa ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) na Chuo Kikuu cha Liverpool, walikusanya E. coli kutoka kwa watu, mifugo na wanyama wanaozunguka nyumba kama panya na ndege, kwa familia 99 kutoka mitaa ya kila aina, ya matajiri na ya maskini. Wakasoma jeni zote za bakteria 1,338, na matokeo yakatoka 2022. Walichokuta kinafaa kutufanya tuwe makini na vile tunalaumu: bakteria wa aina moja kabisa walikuwa wanashirikiwa zaidi ndani ya nyumba moja, na mtu kushiriki na mnyama kulikuwepo lakini mara chache zaidi kuliko mtu na mtu ama mnyama na mnyama. Jeni za usugu nazo zilikuwa na mpangilio wao tofauti na wa bakteria wenyewe, unaolingana zaidi na nani anakutana na dawa zipi.

Kwangu mimi hiyo ndo sehemu muhimu. Ukifuata bakteria unaona kitu moja, ukifuata jeni unaona nyingine, juu jeni inaweza kushuka kutoka kwa bakteria mmoja na kupanda mwingine njiani. Kuku ana lawama yake na simtetei. Lakini mtu akisema shida yote ni wafugaji, hajaangalia kemisti, na mwenye anasema shida yote ni kemisti hajaangalia mitaro ya maji taka inayopita katikati ya nyumba, mahali bakteria wa watu wote, na masalio ya dawa za watu wote, yanakutana.

Taifodi inaonyesha hii vizuri kuliko ugonjwa mwingine wowote nchini. Kutoka mwisho wa miaka ya tisini madaktari wa Nairobi walianza kuona taifodi inayokataa ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, hii wengi wanaiita Septrin, zote tatu kwa pamoja, dawa zenye zilikuwa za bei nafuu na zilitegemewa na kila mtu. Profesa Sam Kariuki na wenzake wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walifuatilia hao bakteria na 2010 wakaonyesha kwamba wengi ni wa ukoo mmoja unaoitwa H58, ukoo huo huo uliokuwa umetapakaa Asia, na usugu wake ulikuwa umebebwa na plasmidi moja kubwa. Yaani mtoto wa Kibera anaugua na dawa inakataa, na huo usugu haukuanzia kwake wala kwa mama yake kusahau kumpea dozi ya jioni, ulifika ukiwa tayari.

Na ukoo huo haujasimama. Pakistan, kuanzia 2016 mkoa wa Sindh, H58 ilipata plasmidi nyingine mpya, na ukiisoma inafanana sana na zenye hupatikana kwa E. coli. Kwa kuvuka huko kumoja taifodi ikakataa seftriaksoni, ile sindano tunayoikimbilia kukiwa kubaya, na siprofloksasini pia. Dawa ya kumeza iliyobaki ya kutegemea ikawa azithromaisini. Maelfu waliugua. Kitu kama hicho pia kimeonekana na Klebsiella: jeni ya NDM-1, yenye inakata hadi zile dawa za mwisho za hospitali, ilitajwa mara ya kwanza 2009 kwa mgonjwa aliyekuwa ametibiwa India, na kufikia 2011 ilikuwa imeripotiwa kwa wagonjwa wa Nairobi.

Watu huuliza, si basi tuache hizo dawa miaka kadhaa usugu uishe? Kwa ile familia ya Boston ulipungua, kweli, lakini usitegemee hivo kila mahali. Plasmidi zingine zina ujanja mkali sana: zinatengeneza sumu inayodumu na dawa ya hiyo sumu isiyodumu, kwa hivyo bakteria akigawanyika na mtoto mmoja akose plasmidi, sumu inabaki, dawa yake inaisha, huyo mtoto anakufa. Wanaobaki ni wenye nayo tu, hata kama hakuna antibiotiki karibu. Alafu kuna ile ya kuku, ukiacha dawa moja na uendelee na nyingine iliyo kwa plasmidi hiyo hiyo, bado umezibeba zote.

Mwaka wa 2019 peke yake, hesabu iliyotolewa na jarida la Lancet ilisema watu karibu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini ya Sahara, hasa magharibi, ndiyo iliumia zaidi. Hapa kwetu sheria inasema antibiotiki ni kwa cheti cha daktari, lakini kila mtu anajua vile inaenda, mtu hana pesa ya kumuona daktari, foleni ya hospitali ya kaunti ni siku nzima, na kemisti iko hapo kwa kona. Sitamlaumu huyo mtu. Nitalaumu vile tunapima. Nairobi ukienda kliniki ndogo na homa na kichwa kuuma unapimwa Widal na unaambiwa una taifodi, na hicho kipimo kinatafuta kingamwili (askari wenye mwili hutengeneza kupigana na ugonjwa), hakitafuti bakteria mwenyewe, kwa hivyo kinaweza kusoma ndiyo kwa mtu aliyeugua zamani ama mwenye kitu kingine kabisa. Watu wamekunywa siprofloksasini mara tatu kwa mwaka kwa taifodi yenye hawakuwa nayo, na kila mara E. coli wa tumbo wasio na hatia wanachujwa, wanabaki wale wenye plasmidi.

Kipimo cha maana ni kuotesha damu kwa maabara, kinachukua siku kadhaa na kina gharama, lakini kinakuambia kama bakteria yuko na ni dawa gani inamuua. Karatasi ikija na S kando ya jina la dawa maana yake inamuua, R maana yake imekataa. Ukiwa na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) yenye inarudi rudi uliza kama mkojo unaweza kuoteshwa kabla ya kubadilishiwa dawa tena, hiyo ni haki yako na daktari mzuri hatakasirika. Kunywa dozi vile umeandikiwa, na usimgawie jirani zilizobaki. Kwa mafua ya kawaida antibiotiki haisaidii kabisa, mafua ni virusi.

Lakini nikirudi kwa vile jeni zinatembea, naona hata sisi sote tukimeza dawa kwa nidhamu bado tutakuwa tumeshughulikia nusu tu, juu nusu ingine ni ile safari ya bakteria kutoka choo cha mtu mmoja hadi mdomo wa mwingine. Maji safi, choo kinachofanya kazi, sukuma inayooshwa vizuri na isiyonyunyiziwa maji taka, hizo zinakata hiyo safari. Chanjo pia. Mwaka wa 2025 Kenya ilianza kuchanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya taifodi, na wazazi wengi waliichukulia kama chanjo nyingine tu ya kampeni. Mtoto aliyekingwa haugui taifodi kirahisi, na asipougua hanunuliwi siprofloksasini, na hiyo inamfaidi hata jirani wa ploti ambaye hakuchanjwa.